Kisu cha Bwana Najua

Si kweli kwamba Bwana Najua alimfukuza shemeji yake mtaa mzima ili amchome kisu. Kisu kilikuwepo. Shemeji alikuwepo. Mbio nazo zilikuwepo, tena mchana kweupe, na watazamaji hawakukosekana. Lakini kuchoma hakukuwepo, wala nia ya kuchoma, wala hata hasira ya kutosha. Haya yanayosemwa msibani kwa sauti ya chini na kwenye foleni ya maji kwa sauti ya juu, kwamba marehemu alikuwa mtu wa visu, yametosha. Katika ukoo ule hajawahi kutokea muuaji. Wajinga wachache wametokea, na hata hao walikuwa wamesoma.

Marehemu alikuwa kaimu mkuu wa masjala katika ofisi moja ya serikali, chumba cha chini, upande usiopigwa na jua, ambako mafaili yamepangwa kutoka sakafuni hadi darini na hewa ina harufu ya gundi na vumbi. Alikuwa amekaimu muda mrefu mpaka neno kaimu likagandana na jina lake kama stempu na bahasha. Alikuwa mtu nadhifu: shati limepigwa pasi mpaka kwenye mkunjo wa kiwiko, viatu vinang'aa, kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandikia na moja ya kumwazima yule asiyerudisha vya watu.

Jina la Bwana Najua alipewa na watani wa kazini, nalo lilimkaa vizuri kuliko lile la kuzaliwa. Hakuwa mwongo, wala hakuwa wa kujipiga kifua. Alikuwa tu hawezi kuuliza. Wako wasioweza kula pilipili. Yeye hakuweza kuuliza. Daktari akianza, "Dawa hizi, mzee, unameza..." yeye alishajibu "Najua" na kusimama. Akifika nyumbani aliiweka pakiti mezani na kuitazama kwa heshima mpaka mkewe apite na kuisoma kwa sauti.

Aliwahi kwenda kumzika baba wa mfanyakazi mwenzake. Kwenye njia panda akashika kushoto badala ya kulia, akaukuta msiba mwingine kabisa, una maturubai, una viti, una watu wanaolia. Akaketi. Alipotambua kwamba anayezikwa ni mwanamke hakunyanyuka, maana kunyanyuka kungemlazimu kuuliza njia. Alilia na wenyewe, akabeba na wenyewe, akashukuriwa kwa kutoka mbali, na alipoombwa atoe neno kwa niaba ya wageni, alilitoa. Inasemekana lilikuwa zuri.

Mkewe alifundisha fizikia sekondari, na tangu mwaka wa kwanza wa ndoa alikuwa ameacha kumweleza mambo. Aliyafanya tu mbele yake, polepole, ili mwenzake ayaone kama kwa bahati.

Sasa kisu. Alikuwa na cha zamani cha kukunja, chenye mpini wa mbao na bapa lililolegea, ambacho siku moja kilijikunja chenyewe wakati anamenya chungwa kikamuuma kidole. Akakasirika, akaenda duka la vifaa vya ujenzi, akachagua kipya. Kilikuwa kizuri, hilo halina ubishi: mpini mweusi wenye vijinundu vya kuzuia mkono usiteleze, kibanio cha kukishikiza mfukoni, na bapa fupi pana lenye kitundu cha kusukumia kwa kidole gumba. Ukilisukuma linafyatuka, tak! na likishasimama halirudi, kwa sababu ndani ya mpini mna utepe wa chuma unaoruka na kulikingamia kwa nyuma. Uzuri wake ndio huo, kwamba hakimkunjikii mtu vidoleni. Ukitaka lirudi, unausogeza ule utepe pembeni kwa kidole, basi. Mtoto wa chekechea akionyeshwa mara moja anakifunga. Lakini aonyeshwe.

Binti wa dukani alijaribu kuonyesha.

"Mzee, ukishamaliza kazi yako, kukifunga unafanya hivi, unabo..."

"Najua, binti."

"Wengi huwa kinawasumbua, ndiyo maana..."

"Mimi nimeshika visu kabla wewe hujazaliwa."

Binti akakifungia chini ya kaunta, akakitia kwenye kiboksi, akamwambia karibu tena. Hakukaribia tena.

Nyumbani hakukifungua. Alitaka kukizindua kazini kesho yake, kwa kuwa kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya usaili. Kile kiti alichokuwa amekikalia kama cha kuazima kilikuwa kinatolewa rasmi mchana wa siku ile, na hakuna kitu duniani Bwana Najua alichokitaka kama kuona kibao cha mlangoni kinaandikwa upya bila lile neno kaimu. Alikuwa ameshapima kwa macho mahali pa kukipigilia.

Asubuhi likaletwa robota la mafaili yaliyofungwa kwa kamba. Akakitoa kisu mbele ya chumba kizima, akasukuma kwa kidole gumba, tak! Kamba ikaanguka.

"Hee!" alisema mpiga chapa, dada mmoja mwenye macho yanayoona hata yaliyo nyuma ya kabati. "Mzee, hicho leo umekitoa wapi? Kina mlio kama bastola ya sinema!"

"Kisu ni kisu tu."

"Si kweli, kuna kisu na kuna kisu. Hebu nikishike."

"Hakishikwi na kila mtu."

Jibu hilo ndilo lililomponza. Angempa akishike, dada yule angekifunga kwa kuchezea tu, na pasingekuwa na hadithi. Badala yake alikigeuza kisu, akaweka kiganja nyuma ya bapa na kusukuma. Bapa likakaa pale pale. Akasukuma tena. Akageukia rafu za mafaili akijitia kutafuta jalada, akakikandamiza kwenye goti. Kisu kikamtazama. Akapiga magoti nyuma ya meza kana kwamba ameangusha kalamu, akakibana kwenye mguu wa meza kwa nguvu zote alizojaliwa, akainuka na jasho puani.

"Kimekwama?" aliuliza mpiga chapa bila kuinua macho.

"Kikwame wapi? Nimekiacha wazi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kazi iishe."

Basi ikawa lazima kazi isiishe. Bwana Najua alikata kila kamba iliyokuwa masjala, zikiwemo zilizokuwa zinashikilia kitu. Alifungua barua, akachonga penseli, akarudia kuchonga zilizokwisha kuchongwa. Mtu mmoja wa uhasibu alishuka na chungwa, akamwomba amkatie. Akammenyea kabisa. Yule akapanda juu na kuwaambia wenzake kwamba huko chini masjala kuna mzee anamenya machungwa bure, na ikawa foleni. Akamenya ya uhasibu, akamenya ya utumishi, akamenya ya walinzi wa getini. Meza ikajaa maganda, vidole vikanata, harufu ikafika mpaka kwa mkurugenzi.

"Mzee leo una moyo wa huruma," alisema mpiga chapa. "Lakini sasa kifunge, bwana, unatutisha."

"Nitakifungaje na watu bado wana machungwa?"

Kukiacha mezani hakuweza. Tarishi angepita, angekiokota, angekifunga kwa kidole kimoja huku akipiga mluzi, na hadi jioni jengo zima lingejua kwamba kilichomshinda kaimu mkuu kimefungwa na tarishi. Kurudi kwa binti wa dukani ndiyo kabisa. Alikuwa ameshamwambia anajua. Wakati wa mapumziko ya mchana ulipofika, alikisokota ndani ya gazeti, akalibana kwapani, akatoka.

Hapo ndipo anapoingia shemeji. Mdogo wake mkewe, wa kiume, alikuwa mchonga funguo na fundi vitasa, kibanda chake kiko mtaa wa pili kutoka ofisini. Wiki iliyotangulia alikuwa amekuja kuweka kitasa kipya kwenye mlango wa dada yake, akasema, "Shemeji, ufunguo huu unauvuta kwako kidogo, ndipo uuzungushe." Akajibiwa anachojibiwa kila mtu. Kesho yake Bwana Najua alirudi mapema, akazungusha, akazungusha, kisha akakaa barazani mchana kutwa akijitia anapunga upepo mpaka mkewe alipotoka shule. Jirani wa ng'ambo, ambaye mtaa mzima humwita Mama Dirisha kwa kuwa dirishani ndiko anakoishi, alimsalimia kila alipokumbuka. Shemeji aliposikia alicheka mpaka akakaa chini, tena mbele za watu. Bwana Najua akaapa mbele ya watu hao hao: "Nikikutana na huyo kijana, atanitambua mimi ni nani."

Haikuwa na maana yoyote. Ni maneno ya mtu aliyekaa barazani muda mrefu. Lakini shemeji aliyaweka moyoni.

Siku ya kisu, Bwana Najua alikuwa amekata shauri. Kati ya watu wote wanaojua vyuma, shemeji ndiye pekee asiye wa ofisini, na ni mtu wa ndani; aibu ingebaki katika familia. Njia nzima alifanya mazoezi ya sentensi aliyokuwa hajawahi kuitamka tangu ajue kusema: Shemeji, hebu nionyeshe. Kila alipofika kwenye "nionyeshe" uso ulikunjamana kama wa mtu anayemeza shubiri. Na kwa kuwa alikuwa akiichapua miguu, lile gazeti lililegea, na bapa likatoka nje kuangalia jua.

Hivyo ndivyo shemeji alivyomwona alipoinua kichwa kutoka kwenye mashine yake ya funguo. Uso umekunjwa, kisu kimekunjuliwa. Hakuuliza. Aliruka benchi na kutimua mbio.

"Shemeji, ngoja!"

"Ningoje nini!"

"Nina swali!"

"Uliza ukiwa huko huko!"

Sasa angeulizaje akiwa huko huko? Mtaa ulikuwa umejaa. Fundi cherehani alikuwa mlangoni na futi shingoni. Kinyozi alikuwa ametoka na mteja aliyenyolewa upande mmoja. Swali lile lilikuwa la kunong'onwa, na ili alinong'one ilibidi amfikie. Kwa hiyo alikimbia. Na kadiri alivyomkaribia ndivyo mwenzake alivyopata nguvu mpya miguuni.

"Sitaki ugomvi!" alipiga kelele Bwana Najua.

"Cha nini sasa hicho kisu!"

"Ndicho chenyewe! Simama nikwambie!"

Waliokuwa kando ya njia waliyasikia maneno hayo kwa masikio yao na wakayaelewa walivyoyaelewa, na hakuna wa kuwalaumu. Shemeji alikata kona kuelekea kwa dada yake, akakuta mlango umefungwa kwa kitasa alichokiweka mwenyewe, akavuka barabara, akapenya geti la Mama Dirisha, akachanwa mkono na waya wa geti, akajifungia ndani ya banda la kuku. Bwana Najua akafika akihema, akainama kwenye ubao wa mlango.

"Shemeji," alisema kwa sauti ndogo. "Nataka uni..."

"Umwachie mtoto wa watu!" Mama Dirisha alikuwa ametoka jikoni na mwiko. Hakuwahi kupata bahati kama hiyo. Kwa kawaida mambo hutokea mbali na dirisha lake. "Muuaji we! Na shati jeupe hilo!"

Mbele ya mwanamke huyo Bwana Najua asingeuliza hata saa ngapi. Aliokota gazeti, akakisokota kisu upya, akavuta kola ya shati ikae sawa, akarudi ofisini kwenye usaili wake.

Habari zilikuwa zimemtangulia kwa gari. Dereva wa ofisi alikuwa amepita mtaani akaona, na dereva hana mahali pengine pa kuweka anachokiona isipokuwa ofisini. Jopo lilikuwa limeketi, watu watatu nyuma ya meza ndefu, na pembeni mpiga chapa, aliyeitwa kuandika kumbukumbu za kikao. Mwenyekiti alikuwa mtu wa heshima na alimpenda.

"Mzee wetu," alisema, "hapa hatuna la kukuuliza kuhusu mafaili. Kiti hiki ni chako, tulikuwa tumebakiza kupeana mikono tu. Ila tumeletewa neno. Kwamba umemfukuza mtu barabarani na kisu. Tunajua haiwezekani. Tueleze tu ilikuwaje, tucheke, tuendelee."

Tucheke. Angechagua neno lingine mwenyekiti yule, huenda mambo yangekwenda vingine.

Bwana Najua alikuwa na gazeti mapajani na mkono juu ya gazeti. Alimtazama mwenyekiti. Akamtazama mpiga chapa, ambaye kalamu yake ilikuwa imekwisha kugusa karatasi na macho yake yamekwisha kuuliza: kimekwama? Ukweli ulikuwa sentensi moja. Ungempa kiti, ungempa kibao, ungemwondolea kaimu. Na kesho yake ungemfuata kwenye ngazi, kwenye chai, kwenye machungwa.

"Yule kijana alinikosea adabu," alisema. "Nilikwenda kumwonya."

Mpiga chapa akaliandika.

"Kwa kisu?" aliuliza mwenyekiti, kama mtu anayemfungulia mwenzake mlango mara ya pili.

"Kwa kisu."

Kiti alipewa karani wa chumba cha pili, kijana mmoja aliyekuwa na sifa ya kuuliza kila kitu, mpaka swichi ya taa iko wapi.

Jioni mkewe alirudi shule akamkuta mdogo wake kwa Mama Dirisha, amefungwa kitambaa mkononi na anasimulia. Akavuka barabara akiwa ameshawiva.

"Umemfanya nini ndugu yangu?"

"Sijamfanya kitu, Mwalimu."

"Mtaa mzima umekuona!"

Bwana Najua aligeukia ukuta. Kwa dunia aliweza kuwa muuaji. Kwa dada wa mtu, ndani ya nyumba yake, hakuweza. "Nilitaka anionyeshe," alisema akiuambia ukuta.

"Akuonyeshe nini?"

Akakunjua gazeti mezani. Kisu kilikuwa vile vile, kimesimama, kinanuka chungwa. Kisha akasema yote, kuanzia duka mpaka jopo, na kwa mtu wa aina yake ilikuwa kazi nzito kuliko zile mbio.

Mkewe hakucheka. Alikwenda jikoni, akacheka huko, akarudi na uso wa darasani. Akakichukua kisu, na kama ilivyokuwa desturi yake, bila neno, polepole, akausogeza ule utepe kwa kidole gumba na kulikunja bapa. Akakiweka kando ya sahani ya mumewe.

"Najua," alisema Bwana Najua. Lakini sauti yake haikufika popote.

"Kesho nenda kwa mwenyekiti ukamweleze."

"Nimweleze nini?"

"Hiki ulichonieleza mimi. Watakurudishia kiti chako."

"Watanirudishia, na kila atakayepita mlangoni pangu ataniletea kitu cha kufunga."

"Kwa hiyo bora uitwe muuaji?"

Alifikiri, na haki yake apewe, alifikiri kwa dhati. "Muuaji hachekwi," alisema.

Hakwenda. Akamaliza utumishi wake akiwa chini ya kijana wa maswali, na kibao cha mlangoni kiliandikwa jina la mtu mwingine. Kisu alikibeba kila siku ya maisha yake, kimeshikizwa mfukoni, kibanio kinaonekana, na hakuna aliyekiona wazi tena. Mtu akimwomba amkatie kamba alisema hicho si cha kazi ndogo, na mwombaji alirudi nyuma hatua. Wahuni wa mtaani walimwamkia kwa adabu. Sokoni alipishwa njia. Mzee wa watu ambaye maishani mwake hakuwahi kuchinja hata kuku alizeeka akiogopwa, na asemwe tu kama alivyokuwa: alianza kuipenda hali hiyo. Alijifunza mwendo wake.

Shemeji naye alipata chake. Kuponea chupuchupu kulimletea wateja. Mwanzo alisema alikimbizwa. Baadaye alisema kisu kilipita karibu na sikio. Mwaka uliofuata sikio likawa mkono, na ule mchubuko wa waya wa geti ukawa kovu la kisu, linaloonyeshwa kwa kukunja mkono wa shati taratibu. Bwana Najua alisikia, hakukanusha. Walikutana sikukuu hadi sikukuu, wakasalimiana vizuri, kila mmoja akilinda biashara ya mwenzake.

Yote hayo yangeweza kuvumilika. Lakini Bwana Najua amefariki, kwa shinikizo la damu, kitandani, kama mtu mwingine yeyote, na msibani kwake, waombolezaji wakiwa bado hawajapata chai, shemeji alikunja mkono wa shati. Mama Dirisha akamsaidia mahali alipopasahau. Wajukuu wa marehemu walikuwa wameketi pale pale, wanasikia babu yao alivyokuwa. Mmoja akauliza kama ni kweli, na shemeji akamwambia aguse kovu.

Ndiyo maana imeandikwa hapa ilivyokuwa. Marehemu hakumchoma mtu, hakukusudia kumchoma mtu, na kovu lile ni la geti. Alikuwa anataka kuuliza swali. Atakaye kumcheka na amcheke; kucheka hakumpaki mtu damu, na wajukuu wake watatembea mtaani bila kunyooshewa kidole.

Wapo watakaokuja kwa mjane wake na pole za kuchelewa, wakae, wanywe chai, halafu waulize lile wanalotaka hasa kulijua: je, katika miaka yote ile ya kukibeba, marehemu alikuja kujifunza kukifunga?

Hilo ni la nyumbani kwake. Mjane hatalisema. Asiulizwe.